Kuta za Chaki

Endel alipima kwa kamba yenye mafundo,
akapiga magoti (nayo magoti yakalia),
akachora sakafuni, kwa chaki ya fundi cherehani,
nyumba yetu mpya:
mita ishirini na mbili za mraba.
Mstari ukatoka jiko la vigae,
ukapita chini ya kabati la mama yake,
ukakatiza mlango na kumeza kipande cha ukumbi.
"Ingia, Leida," akasema. "Karibu kwetu."

Tulikubaliana: wiki moja ndani ya mstari.
Kitakachotufuata, chetu.
Kitakachobaki nje, kimekwisha kwenda.

Siku ya kwanza tulicheka.
Nilipika kwa sufuria moja na mwiko mmoja,
na sufuria kumi na nne zikinitazama kutoka ukumbini
kama wakwe walionyimwa chai.

Siku ya pili alitaka bisibisi,
akanyoosha mguu juu ya chaki.
"Umepita ukutani," nikamwambia.
Akaurudisha, akazunguka, akatokea mlangoni kwa adabu,
akaenda bandani akakaa saa mbili
na makopo yake ya misumari:
iliyonyooka, iliyopinda,
na ile atakayoinyoosha siku moja.

Haba na haba hujaza kibaba, walisema.
Hawakusema nani atakimwaga.
Miaka arobaini na sita katika Mtaa wa Njegere
(hapa Tartu mitaa yetu ni ya mboga,
jirani zetu ni Viazi na Maharage)
na chupa za jamu mia moja na tisa,
sitini tupu,
kwa kuwa mimi ni mtoto wa miaka ya foleni:
chenye kifuniko hakitupwi.

Paka peke yake hakuutambua mpaka.
Alilala juu ya mstari, akaamka ubavu mweupe,
akazunguka nyumba nzima
akiusugua ukuta wetu mpya
kwenye kila kitu tulichokwisha kukiaga.

Jumamosi Maarika akaja na gari la kukodi.
Swali lake lilikuwa moja.
Skii za baba. Hizi je?
Mizani ya tufaha. Hii je?
Koti la Vaike, dada yangu,
aliyeingia hospitali mwezi wa tatu akiwa na mwavuli tu.
Hili je?
Sikujibu. Nililibeba hadi katikati ya chaki,
nikakaa chini nalo.
Mwanangu akaufunga mlango wa gari polepole,
kama mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

Usiku ule tuligombana kwa ajili ya viti.
Viwili, nilisema.
Vitatu, akasema.
Wa tatu ni nani?
Mgeni.
Mgeni gani, Endel? Wote tumewazika.
Akanyamaza. Kisha akakileta kiti cha tatu,
akakisimamisha juu ya mstari wenyewe,
miguu miwili ndani, miwili nje,
akaenda kulala.

Sasa tuko Annelinn, ghorofa ya tano.
Joto linatoka kwenye bomba, halidai kuni,
halimjui mtu.
Saa kumi na moja alfajiri mikono yangu huamka kabla yangu,
ikatafuta kiberiti.
Vyote niligawa. Hii sijui nimpe nani.

Na Endel, akienda msalani gizani,
namsikia akifika ukutani, akisimama,
kiganja kikipapasa saruji.
Juzi nilimwona akiufuta kwa mkono wa fulana,
taratibu, kama kwamba ungetoka.

"Upande wa kulia," namwambia.

Anakizunguka kiti cha tatu,
ambacho koti la Vaike limekikalia,
anarudi kitandani
na miguu ya baridi.